Theluji Imejaa, Mashine Imechemsha

KUTOKA KASKAZINI
Na Lusajo Mwambene

Jumamosi iliyopita nilikuwa katikati ya ziwa, kaskazini mwa Minnesota, nyuzi 18 chini ya sifuri, na mashine yangu imechemsha. Nilipomsimulia shemeji yangu wa Mbeya kwenye simu alinyamaza kwanza, kisha akaangua kicheko. "Shemeji, yaani umekaa juu ya barafu, theluji kila upande, na chombo kimechemsha kama basi linalopanda mlima Kitonga?" Ndivyo. Tena afadhali basi la Kitonga, konda wake ana dumu la maji.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya theluji: mbele skii mbili za kuongozea, nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka na kuisukuma. Huku ni kama baiskeli kule kwetu. Polaris, kampuni inayoziunda, ilianzia hapa jimboni, mji mdogo wa Roseau, mwaka 1954, na njia za kuendeshea pikipiki hizi Minnesota nzima zinafika kama kilomita 35,000.

Sasa, usitafute rejeta mbele kama ya gari. Kwenye nyingi za siku hizi maji ya injini hupitishwa kwenye mabomba bapa ya alumini yaliyobanwa uvunguni, juu ya mkanda. Mkanda ukizunguka unarusha theluji, theluji inagonga alumini na kuyeyuka, joto linaondoka nayo. Hesabu hiyo ni nzuri mpaka ufike mahali ambapo theluji imeshindiliwa na kuganda, au upepo umeifagia yote ukabaki uwanda mtupu wa barafu. Hapo mkanda unazunguka, lakini haurushi kitu.

Na injini siyo inayotangulia kulia. Mkanda unazungukia reli mbili za alumini, na kila reli imevalishwa kiatu kirefu cha plastiki ambacho vibanio vya chuma vya mkanda hukisugua bila kupumzika. Mafuta ya kulainisha hapo hakuna; mafuta yake ni hiyo hiyo theluji. Mimi nilisikia harufu kabla sijaona taa nyekundu: harufu ya jagi la plastiki lililosahauliwa karibu na jiko la mkaa. Nikageuza kuelekea ufukweni, kwenye matete, ambako theluji laini hukusanyika, nikazungukazunguka humo kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka taa ikazimika. Nilipoinama kukagua, kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja, kiko kama sabuni ya siku ya mwisho.

Dawa ya yote haya ni vikwaruzo viwili: waya ngumu za chuma cha springi zinazofungwa kwenye reli, moja kila upande, ncha zake zikiburuzwa juu ya barafu. Zinaikwangua, ungaunga unaruka, mkanda unaudaka na kuurusha uvunguni. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, hakuna cha kusasishwa.

Ndiyo maana nina kinyongo na aliyeniuzia. Siku ile nilisomewa orodha ndefu: kioo kirefu cha kukinga upepo, mkoba wa nyuma, stika za rangi tatu. Vikwaruzo havikutajwa hata kwa bahati mbaya. Pikipiki ya bei ya gari inatokaje dukani bila waya mbili ambazo bei yake haizidi ya tairi moja? Utetezi naujua. Wanaopanda milima ya Colorado, ambako theluji inafika kiunoni, hawavihitaji. Sawa, lakini yangu iliundwa na kuuzwa kuwa ya njiani, na njia huku husawazishwa na kushindiliwa kwa makusudi. Kuna miundo mipya inayotoka navyo kiwandani, na hilo ndilo linanikera zaidi, kumbe inawezekana. Isitoshe, majira ya baridi siku hizi hayaaminiki. Yale ya 2023 hadi 2024 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa jimboni; theluji ilikuwa ya kuhesabu.

Ukienda kununua, usiangalie rangi wala unene wa waya. Uliza swali moja: nikirudi nyuma itakuwaje? Waya ngumu ya mtindo wa zamani imekaa kama mkia unaoburuzwa; ukiweka rivasi, ncha inakita kwenye barafu, na kinachofuata ni waya kupinda, kukatika, au kuvutwa ndani ya mkanda na kung'oa meno ya mpira. Zimetengenezwa za springi zinazogeuka bila kuumia, na kuna za kebo iliyosokotwa zinazopinda upande wowote. Mimi nilichukua za kebo. Kuna pia zinazofungwa kwenye skii. Ni rahisi kufunga, lakini hutimua vumbi la barafu kwa anayekufuata, nami nina rafiki wachache huku, siwezi kuwapoteza kwa hilo.

Kufunga kulituchukua alasiri nzima ya Jumapili, mimi na jirani yangu mzee, mjukuu wa wahamiaji wa Kifini, mtu anayepima mara nne ndipo anashika drili. Tuliinua nyuma juu ya stendi. Nilitaka kutoboa pale pale nilipoona peupe, akanishika mkono. Kwanza tuibinye springi ya kubebea mpaka ishuke mwisho, tuone mikono yake inafika wapi na magurudumu madogo yanapita wapi, kwa sababu nafasi unayoiona mashine ikiwa imening'inia siyo iliyopo ukiruka tuta. Pili, tundu likae katikati ya upana wa reli, maana ukingoni ni kuialika ipasuke. Akanikumbusha pia kwamba kikwaruzo cha kulia si cha kushoto, jambo ambalo ningeligundua tayari nimeshatoboa. Tukakwangua makali ya tundu kwa tupa, tukafunga bolti kwa nati zenye pete ya plastiki ndani, zisilegee kwa mtikisiko, kisha akazungusha mkanda kwa mkono, polepole, mizunguko mitatu, ameinamisha sikio kama daktari. Baada ya safari ya kwanza nilizikaza tena. Zilikuwa zimelegea kidogo kweli.

Jumanne jioni nilirudi ziwani, barafu ile ile. Taa haikuwaka. Nyuma yangu kulikuwa na mistari miwili myembamba, imenyooka, na uvunguni alumini imefunikwa unga mweupe.

Kuna kitu kimoja mzee alinisisitizia: vikwaruzo vina kulabu ya kuvitundika juu ya reli, na ukikaribia lami au sakafu uvipandishe. Jumanne hiyo hiyo nilifika nyumbani nimejawa furaha, nikaingia gerejini moja kwa moja. Mama watoto alisikia mlio akiwa jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akaangalia sakafu ya zege tuliyoilipia mwezi wa tisa, akaifuata ile mistari miwili kwa macho kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Baba Neema," akasema, "mbona na huku umekwaruza?"