Kabla ya Roboti Kufika Mbinga

Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, hakuna roboti. Mtambo ambao wakazi wengi wanaujua kwa karibu ni mashine ya kusaga: makopa ya mihogo yanaingia juu, unga unatoka chini. Katika mashine nyingi za vijijini mkanda unazunguka wazi, hatua chache kutoka kwa akina mama waliopanga madebe yao. Hatari hiyo mwendeshaji anaijua. Lakini foleni ni ndefu, na kuzima injini kila makopa yanapokwama ni kupoteza wateja. Anaingiza mkono.

Mjadala wa roboti viwandani uanzie kwenye mkono huo.

Januari 25, 1979, katika kiwanda cha Ford cha Flat Rock, Michigan, Marekani, mfanyakazi wa miaka 25 alipanda kwenye rafu kuchukua vyuma kwa mkono, kwa kuwa mtambo wa kuvipakua ulikuwa ukitoa hesabu zisizo sahihi. Mkono wa roboti ulimpiga kwa nyuma, akafa. Mwaka 1983 mahakama iliamuru familia yake ilipwe dola milioni 10. Kijana huyo hakuwa mzembe. Alikuwa akiziba pengo la mtambo uliokwama, kama mwendeshaji wa mashine ya kusaga, na hapakuwa na king'ora cha kumwonya.

Novemba 2023, Korea Kusini, roboti ya kupakia maboksi ya pilipili hoho ilimbana na kumuua fundi aliyekuwa akikagua kihisi chake. Kwa mujibu wa taarifa, haikumtofautisha na boksi.

Tangu kifo cha Flat Rock zimetengenezwa roboti za kufanya kazi bega kwa bega na watu, zinazosimama zikimgusa mtu. Mwongozo wa shirika la viwango la ISO wa 2016 unataja hata kiasi cha nguvu ambacho kila sehemu ya mwili inaweza kuvumilia. Ni hatua kubwa, ila roboti mpole iliyoshikishwa kisu bado imeshika kisu.

Je, haya yanaihusu Mbinga, mji ulio milimani mashariki mwa Liuli? Yanaihusu sana. Mji huo una kiwanda cha kukoboa kahawa ya wakulima wa milimani, na katika biashara hiyo duniani kote kuchambua punje mbovu, kazi iliyofanywa kwa miaka mingi na wanawake kwa macho na vidole, kunahamia kwenye mashine zenye kamera zinazopuliza punje mbovu pembeni kwa hewa. Anayebaki anakaa kuitazama mashine. Mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge aliionya dunia mwaka 1983: mtambo unachukua kazi nyepesi na kumwachia mtu dharura, huku ukimnyima mazoezi ya kuikabili.

Wapo watakaosema roboti ni anasa kwa wilaya inayohangaika na bei ya kahawa. Lakini mazoea yatakayoipokea roboti ndiyo yanayojengwa leo kwenye kinu na mkanda. Kiwanda kinachomlipa kibarua kwa gunia kinamfundisha kutozima mashine, na hakuna kihisi kitakachofuta somo hilo.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA, ndio wenye jukumu la kukagua. Ukaguzi usiishie kwenye vifuniko na vizima moto. Wakaguzi waulize pia nani alizima mtambo mwezi uliopita, na alikatwa malipo kiasi gani. Vyama vya ushirika na wenye viwanda wanaponunua mashine mpya, waendeshaji waitwe kabla mkataba haujasainiwa, maelekezo yaje kwa Kiswahili, na kibarua anayebonyeza kitufe cha kusimamisha mtambo alipwe zamu yake kamili.