Rimu Kuingia Siyo Kufaa

Mmezoea kunisikia nikizungumzia mbegu, mbolea na viuatilifu. Leo nazungumzia magurudumu, kwa sababu mazao yanayomwagika njiani ni hasara kubwa kuliko yale yanayoliwa na funza shambani. Ya njiani umeshayalimia, umeshayapulizia dawa na umeshalipa vibarua wa kuvuna.

Msimu uliopita mfanyabiashara mmoja wa nyanya ninayemfahamu alikuwa na Probox ya siku nyingi. Rimu zake za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu. Akauziwa rimu nne za spoti zilizotoka kwenye Honda Fit, na matairi yake, kwa bei ya kuvutia. Matundu manne kwa manne, zikaingia. Nati zake za zamani zikafunga vizuri tu. Wiki ya pili, akiwa na matenga ya nyanya, gurudumu la nyuma likachomoka kwenye mteremko. Yeye na utingo wake walitoka salama. Nyanya zilibaki barabarani, na stadi tatu zilikuwa zimekatika.

Aliyemfungia alisema ni bahati mbaya. Mimi sikubaliani naye. Nati ya Honda na ya Toyota zina uzi mmoja, ndiyo maana haikukataa. Lakini sehemu inayokaa kwenye rimu haifanani: ya Honda ni ya duara kama mpira, ya Toyota imechongoka kama pia. Ukifunga nati ya pia kwenye kikalio cha duara, inagusa sehemu ndogo tu. Gari likitikiswa na mzigo na mashimo, nati inalegea taratibu bila wewe kujua.

Msimamo wangu ni huu: kwa gari la mzigo, usinunue rimu kwa macho. Na neno "imeingia" lisiwe ruhusa ya kuondoka gereji. Mbegu iliyomfaa jirani unaiuliza kwanza kama inafaa udongo wako. Gurudumu nalo liulize hivyo hivyo.

Sisemi kubadilisha ni kosa. Najua gari za zamani zilizokuja na tairi za inchi 13, na leo tairi imara za saizi hiyo ni shida kuzipata. Najua pia rimu iliyopasuka au kuoza haifai kuchomelewa na kurudishwa barabarani. Kuhamia rimu ya gari jingine kunaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa. Ila kabla hujatoa pesa, kagua haya:

1. Umbali wa matundu. Kwa rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Probox na Corolla nyingi za zamani ni milimita 100. Zipo gari nyingine za nati nne zenye milimita 114.3. Fundi akitaka kutanua tundu kwa tupa ili liingie, chukua gari lako uondoke.

2. Tundu la kati. Rimu inatakiwa ikae sawa kwenye habu. Hilux ya 4x4 na Mitsubishi L200 zina matundu sita yenye umbali uleule, lakini tundu la kati la L200 ni dogo sana kwa habu ya Hilux. Likiwa kubwa kupita habu nayo ni shida: rimu ikifungwa upande kidogo, usukani utatetemeka. Ziko pete za kuziba nafasi hiyo. Zinunue kwa kipimo.

3. Nati. Rimu ikitoka kampuni nyingine, uliza nati zake. Nissan nyingi zina uzi mwembamba kuliko wa Toyota ingawa stadi zina unene mmoja. Ukilazimisha kwa spana unaharibu uzi. Rimu nyingine za spoti za Toyota zenyewe hutumia nati ndefu zenye washa, tofauti na nati za rimu ya chuma.

4. Rimu inatokeza kiasi gani. Nyingi zimeandikwa ET na namba. Namba ikiwa ndogo kuliko ya rimu yako, gurudumu linatoka nje zaidi. Hapo beringi zinachoka mapema, na ukipakia tairi linaanza kukwangua madigadi. Namba ikiwa kubwa, linaingia ndani na linaweza kugusa shokapu au breki. Lijaribu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kisha ulijaribu gari likiwa na mzigo. Gari tupu halikuambii ukweli.

5. Uwezo wa tairi kubeba. Hapa ndipo wengi mnapodanganyika na upana. Tairi la mzigo la 155/80R14 lenye namba 88 linabeba kilo 560. Tairi la kawaida la 175/65R14 lenye namba 82 linabeba kilo 475. Lililo pana ndilo dhaifu! Kwa matairi manne umepoteza kilo 340 za uwezo, na tena gari limeshuka kama sentimita moja. Kumbuka pia kwamba Probox ya mizigo ilitengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Hakuna tairi litakalobadilisha hilo.

6. Umri. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira umezeeka na kupasuka.

Tairi likiwa kubwa kuliko la mwanzo, spidomita nayo inadanganya. Likizidi kwa asilimia 5, ukisoma 80 wewe uko 84, na breki zilezile za zamani zinafanya kazi kubwa zaidi.

Mtaniuliza, je, fundi si ndiye anayejua? Mafundi wazuri wapo, nami nawaheshimu. Lakini fundi analipwa siku ya kufunga. Wewe ndiye unayeshuka mlima usiku na mali ya watu watano. Mwambie apime mbele yako. Fundi mzuri hachukii kuulizwa.

Ukishabadilisha, funga nati kwa mtindo wa msalaba, gari likiwa limeshushwa chini kwa kukaza mara ya mwisho. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena. Badilisha zote nne, na spea isisahauliwe: kama spea imebaki ya chuma ya zamani, weka nati zake ndani ya gari. Nati ya spoti haitaifunga spea yako saa tisa usiku porini.

Na kama bado huna uhakika, ushauri wangu ni mwepesi: tafuta rimu za chuma za gari kama lako, hata za mtumba, uzipige rangi. Hazina mvuto mbele ya watu, lakini mteja sokoni hatazami rimu. Anatazama kama nyanya zimefika.

Nawatakia mavuno mema na safari salama.