Kamera ya Bei Mbaya Haimlizi Mtu

Vijana wengi wanaorekodi tamthilia fupi, Kigali hata Kamembe wilayani Rusizi, wanaamini kuwa kamera ya bei mbaya ndiyo filamu nzuri. Imani hiyo ni potofu, tena inawatia hasara. Akiba yote inaishia kukodi vifaa na kurusha droni juu ya Ziwa Kivu, na hakuna anayeuliza swali la msingi: fremu ianzie wapi, iishie wapi?

Rusizi inalijua tukio hili. Mama mchuuzi amefika mpakani na beseni la samaki wadogo wa sambaza, anavuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Afisa anakagua karatasi zake. Kamera ikikaa mbali, ikachukua foleni, daraja na mto chini yake, mtazamaji anaona pilikapilika za mpakani, na mama ni mmoja tu kati ya wengi. Sasa isogee, ibane vidole vyake vinavyokunja na kukunjua ncha ya kitenge, huku afisa akisikika bila kuonekana. Foleni imetoweka, imebaki hofu ya mtu mmoja. Maneno ni yale yale, mwigizaji ni yule yule. Na simu ya kawaida inaweza kuifanya kazi hiyo.

Anayebisha aitazame filamu ya Tangerine ya Sean Baker, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2015. Ilirekodiwa kwa iPhone 5s zilizofungwa lenzi ndogo ya kupanua picha. Kifaa kilikuwa duni. Umbo la fremu lilifikiriwa.

Rwanda nayo haikosi mfano wa kuonyesha kuwa ufupi si udogo: Imfura ya Samuel Ishimwe, yenye dakika 36, ilitwaa tuzo ya Dubu wa Fedha ya filamu fupi mjini Berlin mwaka 2018.

Siku hizi tamthilia nyingi zinatazamwa simu ikiwa wima. Fremu hiyo nyembamba inabeba uso mmoja vizuri, lakini mume na mke wakigombana, ama warudishwe nyuma, ama mmoja akatwe. Anayebaki kwenye kioo ndiye mtazamaji atakayekaa naye, hata kama kosa ni lake. Uamuzi mzito kama huo hauachiwi bahati.

Kwa hiyo, kabla ya kukodi chochote, kikundi kiende na simu moja soko la Kamembe, kirekodi tukio moja kwa fremu tatu tofauti, kisha kiwaulize majirani wamemhurumia nani.