Neno la Mhariri: Idhini ya Masomo na Haki ya Wenye Haja

Maadamu Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimewekwa Butiama, baina ya watu wanaoishi kwa jembe, kwa ng'ombe na kwa nyavu, ni wajibu wa jarida hili kuuliza mapema, kabla desturi haijaota mizizi, ni kwa njia gani somo jipya hustahili idhini ya Serikali, na ni nani apasaye kusikilizwa kabla idhini hiyo haijatolewa.

Chuo cha umma hakijipi ruhusa chenyewe. Idara hutunga mtaala, ukajadiliwa katika vikao vya kitivo, ukafika Seneti, ambako walimu wa fani nyingine huuliza maswali ambayo aghalabu mwenye fani hakuyadhani. Kisha hupelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nayo huukabidhi kwa wataalamu wasio wa chuo kile, wakaupima kwa sifa za walimu, kwa maabara na vitabu, na kwa mzigo wa kazi ya mwanafunzi, ambao kwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu haupungui krediti 360. Ukionekana na kasoro hurejeshwa. Na mpaka idhini itoke, somo hilo haliingii katika mwongozo wa udahili.

Wapo waonao mwendo huu kuwa mrefu kupita kiasi. Mimi siulaumu. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza kwa shahada za London, na ridhaa ya masomo yake ilitoka kwa watu waliokuwa mbali na maisha yetu. Hata Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lilipoundwa mwaka 1995, mamlaka yake yaliishia kwa vyuo vya binafsi, na vya umma vikabaki chini ya sheria zilizoviunda. Zikawa mizani mbili katika soko moja, hadi Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ilipoviweka vyote chini ya Tume. Mzazi wa Bunda aliyeuza pamba kumsomesha mwanawe hana njia ya kuuhakiki mtaala kwa nafsi yake. Dola ndiyo inayomhakikia.

Lakini kila ombi hutakiwa kuambatana na tathmini ya mahitaji, yaani ushahidi kwamba somo linahitajiwa, na hapo ndipo ulipo moyo wa shauri zima. Ni rahisi mno dodoso kuishia kwa maofisa na waajiri wa mijini, na mkulima, ambaye kwa ajili yake shahada inaombwa, akafichwa ndani ya neno moja tu: wadau. Hilo ni dhuluma, tena dhuluma kwa mlipaji, kwa sababu mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioanzishwa ili kujenga vyuo vya umma na kuhuisha mitaala yake, ni mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na deni hilo ni lake pia.

Tazama kata ya Buswahili katika bonde la Mto Mara. Mwezi Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ikachunguza, ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea ya bondeni, na mjadala mkali ukafuata nchini. Kesho chuo kikiomba shahada ya elimu ya maji au ya uvuvi, shahidi wa haja atakuwa nani, kama si mvuvi, mchungaji na mwanamke mchota maji, wanaoujua mto huo kwa misimu yake? Au mihogo ikiugua batobato na michirizi ya kahawia, nani anayejua ni mbegu zipi zilizomwangusha, ila yule aliyezipanda?

Nashauri basi Tume itake, katika kila ombi la masomo ya kilimo, mifugo na uvuvi, muhtasari wa mikutano ya vijiji, ulioandikwa kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, ukionyesha wananchi waliomba nini, idara iliingiza nini katika mtaala, na kilichokataliwa kilikataliwa kwa sababu gani. Na mtaala utakapofikia wakati wa kuhuishwa, idara irudi katika vijiji vile vile na muhtasari ule ule, na Tume idai kuyaona majibu waliyopewa wananchi.