Kisima cha uwanjani kifukuliwe



Natoa kilio cha wakazi wa kijiji chetu, huku delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Mkandarasi aliyekuja kutuchimbia kisima kirefu cha pampu amekifanya kisima chetu cha zamani, kilichopo uwanjani mbele ya msikiti, kuwa shimo la kifusi. Hakumuuliza mtu. Viongozi waliona, wakanyamaza.

Kisima hicho wazee wetu walikijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyoletwa kwa jahazi kutoka Mafia, yakashikizwa kwa chokaa. Mdomo wake ni mpana, kina chake kifupi, na ukingo umelika kwa kamba za ndoo za vizazi na vizazi. Majahazi yaliyopakia boriti za mikoko kwenda Unguja na Uarabuni yalijaza maji hapo kabla ya kutweka tanga.

Kina kile kifupi kilikuwa na sababu. Huku kwetu maji ya mvua yakizama ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukichimba mno, au ukiyavuta kwa nguvu, chumvi hupanda. Waliojenga walilijua hilo, wakachota taratibu kwa ndoo. Leo pampu inatoa maji yasiyofaa hata kwa chai, na mama zetu wanavuka mto kwa mtumbwi kutafuta maji baridi.

Kisima kama hiki ni urithi pia. Kilwa Kisiwani, kisima na matangi ya kutawadhia ni sehemu ya Msikiti Mkuu. Songo Mnara nako visima vimo ndani ya mji. Magofu hayo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na wanaokwenda kuyaona kwa barabara ya kusini hupita hapa Kibiti. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yaliyojengwa kabla ya 1863, na inampa Waziri uwezo wa kutangaza mengine yalindwe. Kisima chetu hakina hati ya mwaka wake, lakini mlango huo wa pili uko wazi.

Tunaomba mkandarasi aamriwe kuondoa kifusi chake, kwa majembe na ndoo, si kwa katapila litakalobomoa ukuta. Maofisa wa Mambo ya Kale nao waje wakipime na kukiandikisha kabla ya masika. Vijana wa kijiji tuko tayari kufanya kazi hiyo pamoja nao.

Mkazi wa delta,
Kibiti, Pwani