Ukipandishiwa dau, hesabu kwanza
Na Mwanaidi Kombo

Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, fedha nyingi huteketea kabla karata hata moja haijafunuliwa mezani. Umepandisha dau, mwenzako naye akapandisha juu ya lako, na hapo wachezaji wengi hujibu kwa hasira. Kosa hili ndilo baya kuliko yote, maana huvaa sura ya ushujaa.

Madau ya lazima ni dola 1 na 2. Umeweka 6, aliyekaa nyuma yako akaweka 18, waliobaki wakatupa karata. Mezani pana 27, nawe unadaiwa 12 ili uendelee: 12 kati ya 39, yaani unahitaji kushinda kama asilimia 31. Bei inashawishi. Lakini yeye ataamua baada yako katika kila raundi, na atakayetangulia kusema ndiye atakayebahatisha. Ree na ghulamu zinapendeza macho, ila zikikutana na ree na mfalme hushinda kama mara 1 katika 4 tu. Zitupe. Zile dola 6 ulizokwisha kuweka si zako tena.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosubiri ree mbili. Jozi hiyo huja kwa njia 6 tu kati ya 1,326. Mpinzani amehatarisha 18 ili achukue 9. Ukitupa zaidi ya mara 2 katika 3, atafaidika papo hapo hata akiwa na karata mbovu kabisa. Ndiyo maana wajuzi, mara mojamoja, humpandishia tena wakiwa na ree na tano za shupaza. Ree moja ikiwa mkononi mwako, njia zake za kupata ree mbili hupungua kutoka 6 hadi 3, na za ree na mfalme kutoka 16 hadi 12. Huko ndiko kuzuga kwenye msingi.

Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda weledi wanne katika michezo 120,000 ya ana kwa ana. Ilihesabu tu; haikuwa na hasira wala heshima ya kulinda.

Jozi ndogo nayo? Ilipie ikiwa nyote wawili mmebakiwa na fedha nyingi. Karata ya tatu ya kufanana hutokea katika zile tatu za kwanza za mezani kama mara 1 katika 8 au 9. Mpinzani akiwa amebakiza dola 40 tu, tupa.