Chanjo Haiishii Miezi Tisa



Akina mama wengi wa Ndalambo na vijiji vya jirani huleta watoto kliniki kwa bidii mpaka mtoto atimize miezi tisa. Akishachomwa sindano ya surua, kadi huwekwa sandukuni na safari za kliniki hukoma. Mtoto ana afya, anatambaa, basi mama huona kazi imekwisha. Sisi wauguzi tunasema haijaisha. Mtoto, binti, mama mjamzito na mtu mzima, kila mmoja ana chanjo yake.

Tuanze na polio, maana ilitufikia karibu. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepoozwa na polio. Mwezi Machi mwaka huo matone yalitolewa katika mikoa minne inayopakana na nchi hiyo: Mbeya, Njombe, Ruvuma na Songwe. Mwaka 2023 mtoto wa mkoa wa Rukwa akakutwa na polio. Mwezi Septemba watoto wenye umri chini ya miaka minane katika mikoa sita, wetu ukiwamo, wakapewa matone. Sisi wa Ndalambo tuko kati ya Tunduma na Sumbawanga. Ugonjwa unaosafiri na watu hauna budi kupita kwetu.

Wengine waliuliza kwa nini matone yatolewe tena na tena. Polio ya Rukwa ilikuwa ya aina inayotokana na kirusi kilichodhoofishwa cha kwenye matone yenyewe. Kirusi hicho hakimdhuru mtoto aliyechanjwa. Lakini mahali penye watoto wengi wasiochanjwa huzunguka kwa njia ya kinyesi na maji machafu, na baada ya muda mrefu hubadilika na kupata nguvu ya kupooza. Kwa hiyo dawa yake ni kuchanja watoto wote bila kubakiza. Nyumba chache zikifunga mlango, mtaa mzima unabaki hatarini.

Surua nayo ina jambo ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha. Sindano ya miezi tisa huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100. Hao 15 waliobaki hawajulikani kwa kuwatazama. Ndiyo maana mtoto hurudi akiwa na miezi 18 kwa sindano ya pili. Mama anayeiacha hii anabahatisha.

Sasa tuseme juu ya mabinti. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tunasikia maneno kwamba inafunga kizazi. Si kweli. Inalinda mlango wa kizazi dhidi ya saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wazazi wengine wanaogopa kwamba itawafundisha mabinti uasherati. Malezi mema ni wajibu wetu, na chanjo haiyaondoi. Lakini binti aliyejitunza vizuri anaweza kuolewa na mwanaume aliyekwisha kuambukizwa bila kujijua. Je, tumwache bila kinga kwa kosa lisilo lake?

Akina mama, msisahau pepopunda. Dozi ni tano: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Wengi huchomwa mbili za ujauzito wa kwanza na kuacha. Aliyemaliza tano amejikinga kwa miaka yake yote ya kuzaa, na humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni, ili asishambuliwe kupitia kitovu.

Akina baba nao wasijione wamesahauliwa. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Tunawaomba mambo haya:

1. Kadi ya kliniki itunzwe kama cheti cha shamba, hata mtoto akishaanza shule.

2. Familia inayohamia mashambani msimu wa kilimo, au inayovuka kwenda Zambia, ichukue kadi na kuuliza zahanati iliyo karibu.

3. Aliyepitisha tarehe asione haya kurudi. Kwa chanjo nyingi haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia.

4. Baba asimwachie mama peke yake. Nauli ya kwenda kliniki ni ndogo kuliko gharama ya kumlea mtoto aliyepooza.

Chanjo hizi za watoto, mabinti na wajawazito hutolewa bure. Kwa hiyo kinachotuchelewesha mara nyingi si fedha, bali uvivu na maneno ya mitaani. Leo jioni, kabla hamjalala, fungueni sanduku mtoe kadi zote za nyumbani, muone ni nani amebakiza nini. Msiposoma vizuri, zileteni kliniki tuzisome pamoja.